Tuta Huja Baada ya Matanga

Katika kikao cha baraza la madiwani, ajenda ya barabara ndiyo inayopandisha joto. Taarifa ya elimu itapita, ya afya itapita, ya mapato itapigiwa makofi mawili matatu. Akisimama meneja wa wilaya wa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, kusoma taarifa yake ya robo mwaka, mikono inanyooka ukumbi mzima. Kila diwani ana barabara yake. Ya huyu imekatika tangu masika, ya yule greda lilifika katikati likaondoka, ya mwingine iliahidiwa lami kwenye kampeni na wananchi hawajasahau. Ukisikiliza vizuri, malalamiko karibu yote yanahusu gari: gari halipiti, gari linakwama, nauli ya bajaji imepanda kwa sababu ya mashimo. Mtu anayetembea, ambaye ndiye mpiga kura wa kata hiyo kwa wingi, hatajwi mpaka agongwe.

Usalama barabarani tumezoea kuuona kama kazi ya trafiki na tochi yake, au mabango ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Lakini mama anayevuka kwenda sokoni alfajiri, mambo yake yameshaamuliwa miezi mingi kabla, kwenye jedwali la kazi atakalokabidhiwa mkandarasi. Humo ndimo inamoandikwa kama kivuko kipo au hakipo, kama njia ya miguu itajengwa, kama mtaro utafunikwa au utaachwa wazi. Mipango inayozaa jedwali hilo hupita mbele ya madiwani kila mwaka, na ni nadra kusikia mtu akiuliza.

Utetezi wa kwanza wa diwani unajulikana, nao una ukweli ndani yake: barabara si zake tena. Hadi mwaka 2017 barabara za wilaya, za mjini na za vijijini, zilisimamiwa na halmashauri zenyewe kupitia idara ya ujenzi. Mwaka huo serikali ikaanzisha Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ukaanza kazi Julai chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na wahandisi wakahamia huko. Barabara kuu na za mikoa zilikuwa tayari chini ya wakala mwingine, TANROADS, tangu mwaka 2000. Hivyo diwani wa leo anaulizwa mtaani kuhusu kitu ambacho hakimiliki, hasaini mkataba wake na hamlipi mkandarasi wake. Wananchi hawalijui hilo, na hata wakilijua hawajali. Wao wanamjua waliyempigia kura.

Hamisho hilo lilikuwa na sababu zake. Kulikuwa na manung'uniko ya muda mrefu kuhusu fedha za barabara kutumika kwa mambo mengine zikishafika halmashauri, na wahandisi wa wilaya kutekeleza matakwa ya wanasiasa badala ya vipimo. Sitaki turudi huko. Ila jambo moja lilipotea njiani. Zamani mhandisi wa ujenzi na afisa mipango miji walikuwa chini ya mkurugenzi mmoja, na mtu angeweza kuwaweka meza moja wajibu kwa nini shule imejengwa upande huu na kituo cha daladala kikawekwa upande ule. Leo shule ni ya halmashauri, barabara inayopita mbele yake ni ya wakala, kituo cha daladala kina mamlaka nyingine, na askari wa usalama barabarani anaripoti polisi. Mtoto wa darasa la pili anavuka katikati ya taasisi nne.

Halafu fedha. Matengenezo yanagharamiwa na Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo tunayokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za wilaya, na wabunge wamepiga kelele mara nyingi kuhusu hilo, kwa sababu mtandao wa TARURA unazidi kilomita 144,000 wakati wa TANROADS ni kama robo ya hapo. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na kila jimbo likapelekewa shilingi milioni 500. Zilikuwa habari njema na kazi ilionekana. Kila mbunge alihesabu kilomita zilizochongwa, zilizomwagiwa changarawe, zilizotiwa lami, na makalavati yaliyojengwa. Vivuko vya waenda kwa miguu havikupata nafasi kwenye hesabu hizo za majukwaani, na kisichohesabiwa jukwaani ni vigumu kukikuta kwenye bajeti.

Ukisoma taarifa ya wakala utakutana na maneno yaleyale kila mwaka: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalum, sehemu korofi, madaraja na makalavati. Haya ni maneno ya mhandisi na yana maana yake. Angalia tu "sehemu korofi". Ni ile sehemu inayosumbua, penye tope, mwinuko mkali, au maji yanayokata barabara. Korofi kwa gari. Njia panda ambayo watu wanagongwa kila mwezi, kama lami yake ni safi na mtaro unapitisha maji, haiingii kwenye fungu hilo. Kihandisi, hapo hapana tatizo.

Sasa tazama matengenezo yanavyofanyika mtaani. Greda linaingia asubuhi kwenye barabara ya udongo, tuseme pembezoni mwa Dar es Salaam, kule ambako viwanja vimepimwa juzi. Linakwangua, linatanua, na udongo linausukuma pembeni. Udongo huo unalala juu ya kijia ambacho watu wamekikanyaga kwa miaka, kile chembamba kinachopita kando ya uzio na chini ya mwarobaini. Jioni watu wanarudi kutoka kazini wanakuta tuta la udongo lililolegea mahali pa kijia. Wanafanya nini? Wanashuka katikati ya barabara, ambayo sasa ni pana, tambarare, haina shimo la kumpunguza bodaboda mwendo. Kwenye taarifa ya robo mwaka hiyo ni kilomita moja na nusu iliyofanyiwa matengenezo. Kwa anayetembea, ni kijia kilichofukiwa.

Lami ni mambo hayohayo kwa kasi zaidi. Mashimo, kwa ubaya wake wote, yalikuwa yanafanya kazi ya matuta. Ukiyaziba umeongeza mwendo, na mwendo ndio unaoua. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akigongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni zaidi ya mara nne ya ile ya kilomita 50. Kwenye maeneo ya makazi sheria yetu inataka mwisho uwe 50, lakini hakuna dereva anayeisoma sheria akiwa barabarani. Anaisoma barabara yenyewe. Ikiwa imenyooka na ni pana inamwambia kimbia, na hata bango la 50 likiwepo atalipita kama lilivyo. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa barani Afrika watembea kwa miguu peke yao walikuwa takriban asilimia 40 ya wanaokufa barabarani. Kwa hiyo barabara inayotengenezwa bila sehemu ya miguu inaongeza hatari, na fedha iliyoiongeza ni ya umma, imepitishwa kwa wajumbe kupiga makofi.

Mtaro nao unastahili neno. Mitaro ya mvua ya mijini mingi imejengwa wazi, mingine inamfika mtu kiunoni, na imejengwa palepale ambapo njia ya miguu ingekaa. Kiangazi unaweza kutembea juu ya ukingo wake wa zege kama unajiamini. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanafunika ukingo na barabara kwa pamoja, na hapo hujui pa kukanyaga. Kuufunika mtaro kwa mabamba ya zege kunatatua mambo mawili kwa mkupuo: maji yanapita chini, watu wanapita juu. Mwenye kiti cha magurudumu naye angepata pa kupita, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikutungwa ikae kabatini. Bila shaka mabamba yana gharama. Ndiyo maana ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Si kwamba hatujui kujenga vizuri. Barabara zilizojengwa Kinondoni, Ilala na Temeke chini ya mradi wa kuliendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyingi zina njia za miguu pande zote, taa na mitaro iliyofunikwa. Mradi wa TACTIC unaozigusa halmashauri za miji 45 unafuata mkondo huohuo. Kuna la kujiuliza hapo. Tunapokopa, mkopeshaji anadai njia ya miguu na inajengwa. Tunapotumia shilingi yetu wenyewe ya tozo ya mafuta, hakuna anayeidai. Kwa nini mgeni awe na msimamo mkali kuliko diwani juu ya miguu ya wapiga kura wa diwani?

Na hata ikishajengwa, hadithi haijaisha, na hapa halmashauri haiwezi kusingizia TARURA. Pita kwenye njia hizo za Sinza au Kijitonyama jioni. Gari limepanda nusu juu ya njia ya miguu, tairi mbili kwenye tofali, mbili barabarani, mwenyewe yumo baa. Mbele kidogo kijiwe cha bodaboda, pikipiki zimepangwa kwa adabu upana wote wa njia. Kisha mama lishe na jiko lake, muuza viatu na turubai lake, halafu rundo la mchanga la mtu anayejenga, limekaa hapo tangu mwezi uliopita. Mtembea kwa miguu anashuka barabarani na kupanda, mwishowe anachoka anabaki barabarani.

Kuhusu wamachinga tumeyumba mno, na tuseme ukweli kwamba kuyumba kulianzia juu. Mwishoni mwa 2016 agizo lilikuwa wasibughudhiwe. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, kila kimoja shilingi 20,000. Oktoba 2021 wakaondolewa kandokando ya barabara na kwenye njia za waenda kwa miguu, na kwa wiki kadhaa Kariakoo ikaonekana lami yake. Wamerudi, kama ilivyotarajiwa, kwa sababu mteja wao anatembea kwa miguu na hawezi kufuatwa sokoni asikopita. Mimi si miongoni mwa wanaofurahia migambo kumwaga nyanya za watu. Ila naona tofauti kati ya muuza karanga aliyekaa pembeni akaacha nafasi ya watu wawili kupishana, na gari la mtu mwenye uwezo lililoziba njia nzima. Migambo wanamwona wa kwanza haraka sana. Wa pili hawamwoni. Halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ina migambo, inatoa leseni za biashara kwa hiyo baa. Inaweza kuamua kwamba mita mbili za njia ya miguu haziguswi na yeyote, awe na beseni au awe na Prado, ikachora mstari wa rangi chini na ikaanza na Prado.

Kisha matuta. Huo ndio uamuzi wa barabarani ambao wananchi wanaujua vizuri kuliko wote, kwa sababu wameuona ukifanyika. Mwanafunzi anagongwa. Wananchi wanapanga mawe na matawi barabarani, wanachoma tairi, foleni inafika mbali. Polisi wanakuja, wakati mwingine na mabomu ya machozi. Mkuu wa wilaya anafika, anawatuliza, anaahidi. Ndani ya siku chache, wakati jirani bado wamekaa matanga, gari la mkandarasi linashusha lami na tuta linajengwa. Utaratibu wote ule tulioambiwa ni mrefu, wa vibali, vipimo, maombi na bajeti, unafupika ghafla. Hilo linawafundisha watu kwamba njia ya haraka ya kupata tuta ni kufunga barabara, na kuifunga barabara kunahitaji maiti. Tuta lenyewe, kwa kuwa limejengwa kwa haraka na kwa hofu, mara nyingi linatoka baya: refu kupita kiasi, halina rangi, halina bango la kumtahadharisha dereva. Usiku pikipiki inalipaa. Baada ya mwaka madereva wanalalamika, linapunguzwa, na tunarudi tulikokuwa.

Kinachouma ni kwamba sehemu hizo zinajulikana kabla. Mwenyekiti wa mtaa anazijua. Walimu wanazijua. Askari wa usalama barabarani wa wilaya ana kitabu cha ajali chenye mahali na saa. Kitabu hicho kikae mbele ya kamati ya halmashauri inayoshughulikia ujenzi, kiwekwe sambamba na orodha ya barabara za kutengenezwa, na wajumbe waone kama majina yanakutana. Sidhani kama yangekutana mara nyingi.

Dar es Salaam yenyewe imeshaonyesha kwamba kazi hii haihitaji fedha za kujenga daraja la juu. Shirika la usalama barabarani la Amend lilianza na shule za msingi ambako watoto walikuwa wanagongwa zaidi, chini ya mpango unaojulikana kwa kifupi kama SARSAI. Likajenga vipande vifupi vya njia ya miguu, matuta yenye vipimo kabla ya kivuko, zebra, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni, na penye ulazima geti la shule likahamishwa kutoka barabara yenye magari mengi kwenda ya pembeni. Utafiti uliofuatilia kazi hiyo ulikuta majeraha ya watoto yamepungua kwa angalau asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI ya Marekani. Geti! Kuhamisha geti la shule hakuhitaji TARURA wala TANROADS. Shule ni mali ya halmashauri, ukuta ni wa halmashauri, na fundi anapatikana mtaani. Ni mambo ya kikao kimoja.

Wenye kushika mfuko watasema fedha hazitoshi hata kwa kuchonga, sembuse kupaka rangi. Nawaelewa, na mtandao wa kilomita 144,000 hauna mzaha. Lakini kilomita moja ya lami mjini inahesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi, na rangi ya zebra, mabango mawili na matuta mawili yenye vipimo ni sehemu ndogo sana ya hapo. Tena baadhi ya halmashauri, hasa za Dar es Salaam, zimekuwa zikitenga mapato yao ya ndani kwa barabara. Fedha hiyo haina masharti ya Mfuko wa Barabara wala mgawo wa jimbo. Ingeanzia kwenye vivuko, baraza lingekuwa limeonekana kwa kila mtu anayetembea kabla hata kilomita moja ya lami haijakamilika. Ni siasa nzuri pia, kama mtu anataka kuiangalia hivyo.

Muda wa kudai una tarehe zake. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini vipaumbele vinakusanywa mapema zaidi, kuanzia mikutano ya mitaa hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe. Huko ndiko barabara zinakoandikwa, kwa kawaida kwa jina tu: "barabara ya Mwembeni hadi zahanati, kilomita 1.2, lami". Mstari huo ukitoka kwenye kata bila kivuko cha mbele ya zahanati, hakuna mhandisi atakayekiongeza kwa hiari. Ukitoka nacho, meneja wa TARURA atalazimika kusimama mbele ya baraza aeleze kwa nini amekiondoa, na maelezo hayo yataingia kwenye muhtasari.

Zimebaki zile barabara zinazoua zaidi, ambazo si za wilaya hata kidogo; kwa Dar es Salaam ni Morogoro, Mandela, Kilwa, Bagamoyo. Hizo ni za TANROADS, na diwani husema mkono wake haufiki. Unafika, kwa urefu fulani, kupitia Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako viongozi wa halmashauri wanakaa meza moja na mkuu wa mkoa na wabunge. Hoja inayosikika zaidi huko ni daraja la juu la waenda kwa miguu, kama lile la Manzese. Madaraja haya yana mahali pake, barabara ikiwa na njia nane na mwendo ni wa barabara kuu. Lakini tujue linajengwa kwa faida ya nani. Linamwondoa mtu njiani ili gari lisisimame, kisha linamdai mjamzito, mzee na kijana aliyebeba gunia wapande ngazi na kushuka ngazi kwa ajili ya mita 30. Wengi hawapandi, na wakigongwa chini ya daraja tunasema ni uzembe wao. Mstahiki meya anayeingia kwenye kikao hicho na ombi la kivuko cha chini chenye taa za kusimamisha magari, mahali palepale watu wanapovuka sasa, ataambiwa kwamba foleni itaongezeka. Ni kweli, itaongezeka kidogo. Angeuliza kwa sekunde ngapi, na angetaka jibu liandikwe.